Uwashaji wa Arobaini na Moja

Saa tatu asubuhi Riikka Hautala alivua viatu mlangoni, kama kila mtu katika ofisi yao ya mjini Tampere, akaketi kwa soksi mbele ya kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki. Kazi yake ilikuwa kuizima na kuiwasha mara mia, akiandika kila mara kama ile programu ndogo inayoamsha mfumo mzima imefanya kazi. Kompyuta hizo zilikuwa za mitambo ya kupasha joto nyumba za wazee. Mtambo usipoamka katika baridi kali ya Januari, mzee naye haamki.

Mara arobaini iliamka. Mara ya arobaini na moja skrini ilibaki nyeusi, na Esko akawa ameketi kwenye kiti chake cha zamani. Esko ndiye aliyeiandika programu hiyo. Walimzika Machi.

"Kahawa ipo?" aliuliza Esko.

"Ipo, ya jana."

"Si neno."

Riikka aliipasha moto, akammiminia kikombe, kisha akaandika: 41, haikuamka. Akafikiri, akaongeza: Esko yupo. Hakujua safu gani ya jedwali inafaa kwa habari hiyo. Alipoizima na kuiwasha tena, Esko aliondoka, kikombe kikabaki kinafuka moshi. Mara ya themanini na mbili ilikwama tena. Esko akarudi, akaendelea kunywa.

"Mbona unakuja ikikwama tu?"

"Hata mimi sielewi, bibie." Aliinama kusoma programu. "Niliiambia isubiri sekunde mbili, umeme utulie kwanza. Nani kaziondoa?"

"Mimi," alisema Kimmo, mkuu wao, aliyekuwa akipita na kikombe chake. "Mteja alitaka iwake upesi. Riikka, andika kosa ni la Esko. Yeye halimpunguzii kitu."

"Nipo hapa, Kimmo."

"Nakuona. Umekonda."

Riikka alitazama huyu, akatazama yule. Kisha akaandika: Kimmo Rautio aliondoa sekunde mbili. Alasiri ripoti ilirudi kwake kutoka kwa Kimmo, imeshapigwa muhuri. Pale alipoandika Kimmo palisomeka Esko.

Ijumaa saa nane walizunguka meza ya kahawa. Katikati palikuwa na sinia tupu, kwa kuwa desturi yao ni moja: aliyeharibu programu huleta maandazi ya iliki na kuomba radhi mbele ya wote. Riikka aliiwasha kompyuta mpaka ikakwama, ili Esko naye awepo.

"Haya, Esko, tunakusubiri wewe," alisema Kimmo.

"Duka gani litaniuzia mimi?"

Watu walicheka kidogo. Nje, lori lenye kompyuta elfu mbili zisizo na zile sekunde mbili lilikuwa likirudi nyuma polepole kutoka uani, likiacha mistari kwenye theluji.

"Basi Riikka atayaleta maandazi," alisema Kimmo. "Na aombe radhi kwa niaba yake. Nyinyi si marafiki?"

Riikka alimjazia Esko kikombe, akasogeza sinia tupu mpaka mbele ya Kimmo.

"Sileti," alisema. "Na radhi siombi."