Barakoa Zilizopigwa Pasi

Kosa lilikuwa langu na la pasi yangu. Mimi ni seremala, nina karakana ya mafundi watatu, na nina ugonjwa wa usafi ambao hata mume wangu ameshindwa kuutibu. Niliposikia kesho yake mkaguzi wa afya anakuja, nilikusanya barakoa za mafundi, nikazifua, nikazianika, kisha nikazipiga pasi mpaka zikasimama kama kola ya bwana harusi.

Roho yangu ilikuwa mkononi mwa mkaguzi huyo. Shule mpya ilitaka madawati mia mbili, na kazi hiyo ilitengwa kwa karakana ndogo kama yangu, kwa sharti moja tu: mafundi wakingwe na vumbi. Bila madawati yale, mwezi uliofuata ningefunga mlango.

Aliyeniumiza kichwa ni Mjomba, kaka yake mama, aliyenifundisha kushika randa. Zamani alikuwa akipiga msasa huku anaimba, nami nikimwitikia kutoka upande wa pili wa meza, hata wapita njia wakisimama kusikiliza. Kisha vumbi la mbao likamkaa kifuani. Kwa miaka mitatu hakuimba, alikohoa tu.

Ndipo nikatoboa dirisha kubwa kwenye chumba cha nyuma, nikaweka feni ya kutoa vumbi na kuhamishia huko kazi yote ya msasa. Nikashona na barakoa nzito za kitambaa. Mjomba aliitazama yake kama mtu aliyepewa nepi avae.

"Vumbi hili nalijua tangu hujazaliwa," akasema. "Leo ndio unifunge mdomo?"

"Basi ukifa nisiitwe kukulilia!"

Nilijuta kabla sijafunga kinywa, lakini kuomba radhi nako sijui. Miezi miwili tukanuniana. Salamu ya asubuhi, basi. Niliapa sikanyagi chumba cha nyuma, naye akawa anajifungia humo, jioni ananawa bombani na kwenda zake. Kama alikuwa akivaa barakoa au la, sikujua. Kikohozi chake nilikuwa sikisikii tena, nikadhani ni feni inakimeza.

Siku ya ukaguzi nilisimamisha kazi tangu alfajiri. Sakafu ilipigwa deki, randa zilipangwa, na mafundi wangu wawili walisimama wameoga, nywele zimechanwa. Mjomba sikumwambia kitu, wala barakoa yake sikuiomba niifue, maana hatukuwa tukisemeshana.

Mkaguzi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alizunguka karakana. Akapitisha kidole juu ya meza. Akachukua barakoa moja, akaigeuza, akainusa.

"Hii imevaliwa lini?"

"Kila siku, mama!" akadakia fundi tunayemwita Mkimya, ambaye hajawahi kunyamaza. "Mimi hata kulala nalala nayo!"

Nilitamani nimpige randa.

"Ina alama ya pasi," mkaguzi akasema. "Mwanangu, nimeona karakana nyingi. Wananunua vifaa, wanavitunza kwa ajili yangu, nikiondoka vinarudi kabatini. Hapa sioni hata vumbi. Nitaandikaje kwamba watu wanakingwa na vumbi?"

"Nilizifua jana! Wallahi nilizifua!" Sauti ilinipanda, machozi yakiwa karibu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua kalamu.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa.

Akatoka Mjomba, kiti begani, hana habari. Alikuwa ameshinda kazini kama kawaida, maana hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa mweupe pe, nywele, kope na masikio, kama gunia la unga lililopata miguu. Barakoa ilikuwa usoni, chafu, kamba moja imekatika na kufungwa fundo. Alipoona mgeni akaivua kwa adabu.

"Karibu, mama."

Chini yake kulikuwa na uso mwingine: pua safi, midomo safi, masharubu meusi yanang'aa katikati ya weupe wote ule. Mkimya alianza kucheka. Mkaguzi akajaribu kujizuia, akashindwa, akaketi juu ya benchi na kufuta miwani.

"Huo hapo ndio ushahidi niliokuwa nautafuta," akasema. "Mzee, unaivaa tangu lini?"

Mjomba akanitupia jicho. "Tangu siku ile aliyonigombeza. Ningeivaa mbele yake angeniringia mpaka nazeeka."

"Si umeshazeeka!" nikasema. Ndilo neno la kwanza nililomwambia nje ya salamu kwa miezi miwili.

"Na kifua?" mkaguzi akauliza.

"Wiki ya tatu hii sijakohoa."

Mkaguzi akaandika, akapiga muhuri, akanikabidhi karatasi ya madawati mia mbili. "Nikija tena," akaniambia, "usifue kitu."

Sikuiangalia ile karatasi. Mjomba alikuwa ameshaweka kiti mezani na kuchukua msasa, na kwa sauti nene, bila kukatika, akaanza wimbo wetu. Nilisimama kama mti. Alipofika mahali pangu akanyamaza, akaacha na msasa, akaningoja.

Nikaenda upande wa pili wa meza, nikaitikia.