Maji ya Majani Kitovuni

Mwaka 1953 mvua iliikata barabara ya Segese, na spiriti ya kusafishia vitovu ikaisha katika zahanati alikofanya kazi Serafina, mkunga. Ndipo Limi alipojifungua mtoto wa kiume. Serafina alichuma majani ambayo bibi yake aliyaita dawa ya kitovu, akayachemsha mpaka maji yakawa mekundu, yakapoa, akamsafishia mtoto kitovu.

Barabara ilipofunguka, daktari wa hospitali alipita kukagua; Serafina alipomweleza, hakugomba. Alisema tu, "Watoto waliotiwa majani kitovuni huletwa kwangu taya zimekaza."

Pepopunda. Daktari akaagiza mtoto akaangaliwe hospitali na dawa ikapimwe.

Walipanda lori la pamba kwenda hospitali ya Shinyanga: Limi, mtoto, na Serafina aliyekumbatia chupa ya dawa iliyobaki. Kila mara mtoto alipochelewa kukamata titi, Serafina alimkazia macho tayani.

"Mbona unamtazama hivyo, Mama Mkunga?" Limi akauliza.

Serafina akamweleza kweli. Limi akamkaza mtoto kifuani.

"Uliyachemsha?"

"Niliyachemsha sana."

"Basi tungoje."

Pale maabara, Pantaleo, fundi asiyependa maneno mengi, alipanda vijidudu vya usaha kwenye visahani vya kioo vyenye supu ya nyama iliyogandishwa, akadondoshea dawa katikati. Kisha akaiweka dawa peke yake kwenye sahani nyingine, na nyingine kwenye chupa isiyoingia hewa, kwa kuwa vijidudu vya pepopunda huota pasipo hewa.

Kila Serafina alipochungulia, alijibiwa, "Bado, dada."

Hatimaye akaitwa.

"Tazama," alisema Pantaleo. "Dawa yako haikuua kitu. Vijidudu vimeota mpaka chini ya tone."

Serafina akainamisha kichwa.

"Subiri. Hapa ilipokaa peke yake hakuna kilichoota. Kwenye chupa pia hakuna. Moto ulishamaliza kila kitu. Ulimwosha mtoto kwa maji safi, basi."

Serafina aliketi sakafuni palepale, akacheka, machozi yakimtoka.

Wodini mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa, kitovu kimekauka na kudondoka. Daktari alimpapasa taya, akatabasamu. "Hatari imepita. Majani yaache, Serafina. Kuchemsha usiache." Akaagiza apewe spiriti ya kurudi nayo.

Limi alipiga vigelegele mpaka nesi akamkanya. Akatulia kidogo, akapiga tena.