Kicheko cha Doña Zunilda

Kazi ya Doña Zunilda katika Idara ya Mbegu mjini Ka'aguy Poty ilikuwa kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Siku hiyo aliingia Liduvina, karani wa dirishani, binti mwenye kigugumizi. Akaeleza, kwa taabu, kwamba mkuu wake, Don Críspulo, humwigiza mbele ya wakulima mpaka foleni nzima icheke.

"Na-na-naomba isitoke humu, Doña."

"Haitoki, mwanangu. Niachie mimi."

Zunilda alimaanisha. Lakini Críspulo ndiye aliyemsimamia binti yake Noelia kwenye ubatizo, na kila siku kabla ya chakula cha mchana walikunywa tereré, chai baridi ya majani, pamoja, kikombe kimoja, mrija mmoja wa bombilla. Akaona aibu kumshtaki mtu aliyekuwa kama ndugu bila kumdokeza kwanza.

"Compadre, punguza mzaha na yule binti. Amekuja kwangu," alimwambia wakinywa.

"Nani, Li-Li-Liduvina?" Críspulo akakunja shingo, akakodoa macho na kupapasa hewa kwa midomo. "Mbe-mbe-mbegu za ma-ma..."

Alimwigiza barabara. Zunilda akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakijua, kikammwagia tereré kifuani.

Alipoinua uso, Liduvina alikuwa mlangoni na jagi la maji ya barafu, alilokuwa amewaletea. Akaliweka mezani polepole, akatoka.

Zunilda alimkuta ghalani, katikati ya magunia ya mahindi.

"Mwanangu, nisamehe."

"Yeye nilijua a-a-atacheka," Liduvina alisema bila kumtazama. "Wewe si-sikujua."

Kabla ya kufunga ofisi Zunilda alipanda kwa mkurugenzi, akaomba lalamiko la Liduvina lisikilizwe na mtu kutoka makao makuu. Mkurugenzi akauliza kwa nini.

"Kwa sababu nilitoa siri ya binti huyo, Don Anastasio. Kisha nikamcheka."

Mbele ya msikilizaji huyo mgeni alilazimika kurudia yote, Liduvina akiwa ameketi hatua chache tu kutoka kwake. Kusema "nilicheka" kulimwia vigumu kuliko alivyodhani. Akarudia mara mbili ndipo neno likasikika.

"Umeniuza, Mama Noelia," Críspulo alimwambia koridoni. "Na mwanao nilimshika mimi kanisani."

Críspulo aliondolewa dirishani, akapelekwa tawi la mbali. Zunilda alipewa onyo, akaachwa kwenye kiti chake. Liduvina aliendelea kumwamkia kila asubuhi kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mgeni wa ofisi.

Baada ya wiki kadhaa, dereva mmoja alichungulia mlangoni kwake, kofia mkononi.

"Nina shida na zamu zangu, Doña." Akaangalia nyuma. "Hakuna mtu mwingine wa kumweleza?"

Uso wa Zunilda ukawaka kwa aibu. Akainuka, akamwonyesha ngazi za kwenda kwa mkurugenzi.