Maji ya Chiriku

Mimi ndiye fundi wa maji wa kijiji chetu. Bomba linalotoka kwenye kisima kirefu hadi kwenye tangi, na mabomba yanayotoka kwenye tangi hadi kwenye vituo vya kuchotea, nimeyaunga kwa mikono yangu, na klorini ndani ya tangi naiweka mwenyewe. Kwa hiyo mtu akisema maji yangu yanaumiza watu, amenitukana. Na aliyekuwa akisema hivyo, bila hata kufungua mdomo, alikuwa mwanangu.

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake yasiyoisha. Tangu maji yaanze kutoka, watoto wa majirani wamenawiri, na nesi wa zahanati anasema wagonjwa wa kuhara wamepungua. Wa kwangu mimi, mtoto wa fundi, ndiye anayeharisha wiki baada ya wiki. Amekonda, macho yameingia ndani, na ule mdomo umenyamaza kabisa.

Siku niliyomrudisha kutoka zahanati, nesi alinitazama juu ya miwani yake.

"Mama, mtoto amekwisha. Akirudi tena katika hali hii, sijui kama nitaupata mshipa wa kumtundikia maji. Katafute anakunywa nini."

Anakunywa nini? Anakunywa tunachokunywa sote, kutoka mtungi mmoja, na sisi wengine wazima kama chuma. Nilimwomba mpimaji wa mradi wetu wa maji aje. Akaja na kisanduku chake cha vichupa, akapima bomba: safi. Akapima tangi: safi. Akapima mtungi wetu: safi.

"Fundi, hapa nimegonga mwamba," akasema. "Labda ni mikono."

Nikamwosha mwanangu mikono mpaka ngozi ikachoka. Nikachemsha vikombe. Nikawafungia kuku. Nikamshuku mbuzi wa jirani, nikamshuku baba watoto kwa chungwa alilomletea kutoka sokoni, nikamsema mpaka akaanza kulia chakula chake kibarazani na huyo mbuzi. Akili yangu ilikuwa imevurugika, sikujua nimshike nani nimwache nani.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa nguzo yangu. Mimi nikishinda kwenye mitaro, yeye ndiye anayembeba Chiriku, anayemfuta, anayemnywesha kutoka kwenye jagi lake dogo la plastiki lenye kifuniko.

"Wewe nenda kazini, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Huyu niachie mimi."

Asubuhi moja nilisahau spana nyumbani, nikarudi kuifuata. Nikamwona mama mkwe akipanda kutoka bondeni, kwenye dimbwi tulilokuwa tukichota zamani, dimbwi ambalo hata ng'ombe huingia miguu yote minne. Mkononi ana lile jagi. Nikadhani macho yangu yananichezea. Akapita bila kuniona, akaingia ndani, nami nikamfuata hadi mlangoni. Akachota maji mtungini, akayamimina juu ya yale ya dimbwi mpaka jagi likajaa. Kisha akalifunika vizuri, akakaa kumnywesha mjukuu wake.

"Mama, umeweka nini humo?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililozidi kunichanganya, maana mwenye kosa hushtuka.

"Nayapunguza ukali," akasema. "Hiyo klorini yako inanuka mpaka puani. Sisi watu wazima tunavumilia. Mtoto hapewi kitu kikali kama mtu mzima. Maji yake ya kuoga nayachanganya na ya baridi, chai yake naizimua. Haya nayo nayazimua kwa ya dimbwi. Mumeo nilimlea kwa hayo hayo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofungua bomba. Na nikiona amezidiwa, najua bado ni makali. Naongeza ya dimbwi."

Hasira ilinipanda, halafu ikakosa pa kwenda. Mbele yangu hakuwa adui. Alikuwa mwanamke anayeshuka bonde lile na magoti yake mabovu ili mjukuu wake apone. Nilimpenda na nikatamani kumfukuza, yote mawili kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Nikampokonya jagi. Nikamweleza kwamba kinachonuka ndicho kinachoua vijidudu, na kwamba dimbwi lile ndilo linalovileta, na mtoto tumbo lake si kama letu. Alinisikiliza akiitazama mikono yake.

"Kwa hiyo kila alipozidiwa," akasema, "mimi nikamwongezea."

Nikaliweka jagi chini.

Mama mkwe akasimama, akalichukua jagi, akamwaga yote nje. Akachota mtungini kwa kikombe, maji matupu ya bomba, akamsogezea Chiriku mdomoni. Mtoto akanusa, akageuza uso. Tulikuwa hatujasikia sauti yake kwa muda mrefu.

"Siyataki haya. Nataka ya bibi."

Mama mkwe hakukiondoa kikombe.

"Ya bibi yameisha," akamwambia. "Kunywa ya mama yako."