Kura za Sufuriani

Mzee Anatoli alikuwa amesusa chakula, na hilo lilimkosesha Makena raha. Kumhudumia mzee ilikuwa kazi yake. Kumpenda alikuwa amejiongezea mwenyewe.

Kisa ni siasa. Tangu Muungano wa Kisovieti usambaratike, mzee alikuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha demokrasia ya kijamii, kwanza kwao, kisha gerezani, na sasa katika fleti ya kaunsili huko Tottenham. Katiba yao ilisema mkutano wa Jumamosi hii ukikosa akidi, chama kimekufa. Na mwanachama wa mwisho, Ruslan, alikuwa amenuna akaenda kuanzisha mrengo wake mtaa wa Rayners Lane, mrengo wa mtu mmoja.

"Jumamosi siji," Makena alimwambia mzee kwa Kiingereza, ila neno moja la Kiswahili likamponyoka. "Nina chama."

"Chama ni nini?"

Makena akafikiria namna ya kueleza akina mama wanaochanga pesa na kupokezana kwa zamu, akachoka. "Ni party tu."

"Wanachama huja?"

"Asiyekuja anapigwa faini!"

Mzee akavuta sahani, akala viazi vyote. Makena akakosa moyo wa kumsahihisha; akawaomba akina mama wakutanie kwa mzee.

Basi Jumamosi akina mama wakajazana sebuleni kwa mzee na chapati zao, wakajiandikisha kuwa wanademokrasia wa kijamii bila kinyongo, mradi hita ilikuwa inawaka. Mzee akasimama na suti yake. Makena alikuwa amemfundisha Kiswahili kidogo, kwa heshima ya wageni.

"Karibuni chamani," alisema. "Mwenyekiti: tupige kura!"

Alimaanisha wanyooshe mikono wamrudishe, kama kawaida. Lakini kwa akina mama hawa kura ni vikaratasi vya kujua zamu ni ya nani. Kabla Makena hajafungua mdomo, Ann, mmoja wao, alishachana bahasha, akatia alama kipande kimoja, akavitikisa vyote ndani ya sufuria. Kila mtu akachomoa chake. Cha mzee kilikuwa kitupu. Chenye alama kilimwangukia Célestine, Mkongomani muuza vitenge, ambaye hata hakuwa anasikiliza.

Vigelegele! Makena alitamani ardhi ipasuke immeze. Gereza lilishindwa na mzee, sufuria imemng'oa.

Mzee aligeuzageuza kikaratasi chake, machozi yakimlengalenga. "Leo ndiyo mara ya kwanza," alisema, "kuona uchaguzi ambao hakuna aliyemjua mshindi mapema." Kisha, kwa sauti ndogo: "Sasa mimi ni nani?"

Ann akamwekea chapati. "Wewe ni mwanachama, Mzee. Tulia, zamu yako itafika."

Katika miaka yake yote ya upinzani, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akala chapati, akaomba nyingine.