Spiriti ya Mimbari

Mwanawe aliporudi kutoka kituo cha kuachisha ulevi, Mama Randa aliihamisha cherehani yake. Zamani ilitazama dirisha, apate mwanga. Sasa ilitazama mlango wa karakana, apate kumwona mtu wake. Jicho moja kwenye uzi, la pili kwa mwanawe seremala.

Jina la Randa, kile kifaa cha kulainishia mbao, mwanawe alipewa na mafundi wenzake, maana mkono wake ukipita juu ya ubao, ubao unakuwa laini kama shavu la mtoto. Pombe ikaja ikamla. Mkewe alivumilia miaka sita, mwisho akabeba watoto wawili akarudi kwao. Kule kituoni Randa akaokoka. Alipiga magoti akalia kilio cha kweli; mama yake alikuwepo, akakiona kwa macho yake. Miezi ikapita bila tone. Ndipo mkewe akatuma ujumbe: akitimiza mwaka, akasimama kanisani kushuhudia mbele ya watu, nitarudi.

Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Akampa Randa kazi ya mimbari mpya, ili siku ya ushuhuda asimame juu ya kazi ya mikono yake. Alitaka ing'ae kwa mtindo wa zamani, shelaki, vanishi ya magamba, iliyoyeyushwa kwa spiriti na kusuguliwa kwa kitambaa, kama alivyofanya marehemu baba yake Randa.

Hapo ndipo mama alipokosea. Kila jioni alimsogelea mwanawe amnuse.

"Mama, umekuwa mbwa wa polisi?"

"Mbwa wa polisi hana uchungu wa kuzaa. Fungua mdomo."

Alikuwa anatafuta harufu ya pombe. Ya spiriti hakuijali. Miaka thelathini alifua mashati ya mumewe yenye harufu hiyo. Kwake ilikuwa harufu ya mwanamume anayefanya kazi. Tena, ili Randa asipite mbele ya baa, mama ndiye aliyekwenda mwenyewe duka la vifaa kuinunua.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya ushuhuda, mwenye duka alimkabidhi chupa nyingine huku akicheka.

"Mama, hiyo mimbari mnaipaka au mnaiogesha? Hii ya sita!"

Mama naye akacheka, mpaka mlangoni. Pale kicheko kikamkatika.

Alikwenda moja kwa moja karakana. Randa hakuwepo. Akapitisha kiganja juu ya mimbari. Mbele ilikuwa imeng'aa, upande wanaoukabili watu. Ubavuni na ndani mbao zilikuwa kavu, hazijaonja kitu. Shelaki ilijaa mkebeni, magamba makavu vilevile ilivyonunuliwa. Chini ya rundo la maranda akazikuta chupa tano, tupu.

Randa alipoingia alimkuta mama yake ameketi kwenye benchi la kazi, chupa mpya mapajani.

"Tangu lini, baba?"

Randa akakaa chini, palepale kwenye vumbi la msumeno. "Wiki ya tatu hii."

"Na yale magoti kule kituoni? Ulikuwa unanichezea?"

"Sikukuchezea. Niliokoka kweli, Mama, na hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa mnafiki ningelala usingizi."

"Si ungemwambia Mchungaji?"

"Nimwambie nini? Ametangaza Jumapili tatu mfululizo. Nikipita tu, 'Muujiza huyo, muujiza huyo!' Sasa muujiza unaendaje kusema una kiu?" Akajifuta uso. "Niache niseme kesho. Watoto wakirudi nitaacha. Nikiwatia machoni tu, naacha."

Mama alitoka nje akaimwaga ile chupa mchangani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ile harufu akaizibia pua.

Asubuhi mkwe wake alifika, gauni la njano, watoto wamepakwa mafuta, mabegi mawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Yeye simwulizi, maana ulimi wake naujua. Nakuuliza wewe. Amepona?"

Wajukuu walikwishamng'ang'ania kanga, huyu huku, huyu kule. Neno moja tu, na nyumba ingejaa. Mwaka mzima alikuwa amemlilia Mungu kwa ajili ya mabegi yale yale mawili, na sasa yako kizingitini.

"Hajapona," akasema. "Anakunywa. Usishushe mizigo."

Ndipo Randa akatoka ndani, shati limefungwa vifungo upogo, kiganja kinapapasa ukuta.

"Mama, mbona mke wangu anachelewa?"

Mkewe alikuwa amesimama hatua tano mbele yake. Mtoto mdogo akafumbua kinywa aite, mama yake akakiziba.

"Kalewa hata hanioni," akanong'ona. Akainua mabegi, akaondoka na watoto wake bila kugeuka.

Lakini Mama Randa, aliyekesha mlangoni pa mwanawe, alijua kwamba usiku kucha mwanawe hakuonja kitu. Wala hakuwa akiyumba.

"Randa, unaniona?"

"Kuna ukungu leo, Mama."

Jua lilikuwa linachoma.

Hospitalini muuguzi alieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza, kwamba spiriti ya namna ile hula macho. Watamtundikia dawa. Kilichokwenda, hakuna wa kuahidi kwamba kitarudi. Simu ya Mchungaji ililia mara tatu ndani ya mkoba. Mama hakuipokea.

"Wamekuja?" Randa akauliza.

"Walikuja."

"Wakaondoka?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aondoke."

Randa aliuelekeza uso darini. Mama alingoja matusi, hayakuja.

"Ulifanya vyema," akasema mwishowe. "Sali basi, Mama. Mimi leo siwezi."

Mama akamshika mkono, ule mkono wa kulainisha mbao, akaanza sala ambayo kila mtoto huijua. Ilikwenda vizuri mwanzo. Alipofika penye kuomba mapenzi ya Mungu yafanyike, ulimi ukagoma. Akarudia. Ukagoma tena.

"Endelea, Mama."

"Nakuja, baba," akasema. "Ningoje kidogo."