Jembe Lisiloimba

Athieno wa Kisoko alikuwa na wiki moja tu ya kupanda ulezi, na majembe mawili mapya yaliyokunjika kama masikio ya mbuzi. Mvua ya Machi ya mwaka hamsini na mbili ilikwisha anza. Akichelewa, nyumba yake ingekula mihogo mitupu mpaka mwaka wa pili.

Majembe yenyewe yalikuwa ya chapa ya Korongo, ile ile aliyoishika tangu alipoolewa. Jembe la Korongo lilikuwa likilika polepole, miaka kwa miaka, mpaka linabaki dogo kama kijiko, lakini kukunjika, hapana. Sasa kiwanda chake huko Ulaya kilikuwa kimenunuliwa na kampuni kubwa. Korongo, yule ndege wa chapa, alibaki amechorwa pale pale kwenye chuma. Chuma ndicho kilichohama.

Siku ya soko akayabeba mpaka Tororo, dukani kwa Ojiambo, Msamia mmoja mnene.

"Umepiga mawe," Ojiambo akasema, hata kuyatazama hakuyatazama.

"Kisoko hakuna mawe, baba. Yote mmeyarundika hapa Tororo mkayaita mlima." Akalinyooshea kidole jabali lililosimama juu ya mji.

Wateja wakacheka. Athieno akaokota kokoto agonge majembe yaliyorundikwa pale, kama wafanyavyo wanawake wote wa kwao: chungu hakinunuliwi bila kusikilizwa mlio wake, wala jembe.

"Wacha!" Ojiambo akamkataza. "Siku hizi hakuna kugonga. Amri ya kampuni."

Mwenye kuleta amri alikuwapo. Herbert, wakala wa kampuni, kijana wa Busia mwenye tai nyekundu, alikuwa amepanda juu ya sanduku akiwahubiria watu.

"Mama, kampuni imekua tu! Ndege si ni yule yule?"

"Namwona, mwanangu. Ila yule wa zamani alikuwa akiimba. Huyu wako ana mafua."

Kicheko kikavuma mpaka barabarani. Herbert akavua koti. "Njoo tulime, uone!"

Athieno alikuwa akilingoja neno hilo tangu Kisoko. Kikapuni akatoa kijiko chake, lile jembe la Korongo la arusi yake. Herbert akachukua jembe jipya, wakaingia kiwanjani nyuma ya duka, bega kwa bega. Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, jembe la Herbert likajikunja, korongo akageuka akamtazama bwana wake usoni.

Athieno hakungoja vigelegele viishe. Akarudi dukani na kokoto lake. Pwa. Pwa. Pwa. Akainama kwenye majembe ya chini kabisa. Ngiiing!

Kumbe shehena mpya ilipangwa juu ya ile ya zamani. Majembe ya kiwanda cha kwanza yalikuwa yamelala chini, na kwa vile kugonga kulikatazwa, hata mwenye duka hakujua.

"Nipe mawili haya, baba, nawe ubaki na masikio yako ya mbuzi." Akamwekea mbele yale yaliyokunjika.

Ojiambo akatazama mlangoni. Wanawake walikuwa wamejaa, kila mmoja na kokoto mkononi. Akatoa, tena akamfungia kwa kamba.

Njiani Athieno akasikia viatu vikimkimbilia. Alikuwa Herbert, tai begani.

"Mama... mama yangu kule Busia naye hajapanda. Nichagulie moja, tafadhali."

Athieno akamtilia kokoto kiganjani.

"Rudi ukagonge mwenyewe. Amri ya Kisoko."

Kufika Ijumaa, ulezi wake wote ulikuwa ardhini.